Sumaku ndogo, bei kubwa: Joto ndilo linaloamua

Mpelekee fundi wa soko la Bosnia, katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, kaunti ya Garissa, redio mbovu na simu iliyokufa. Akizifungua spika zake, atakutolea sumaku mbili zisizofanana. Ya redio ni pete nyeusi, nzito, ya feraiti, iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma. Ya simu ni kipande kinachong'aa, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilichotengenezwa kwa madini adimu. Kwa ukubwa ule ule, hiki cha pili hubeba nishati takriban mara kumi ya feraiti, na bei yake pia iko juu zaidi.

Sumaku za madini adimu ni za jamii mbili. Ya kwanza ni ya samariamu na kobalti, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1960. Haishiki kutu kwa urahisi na huvumilia joto la nyuzi 300 za Selsiasi, ila huvunjika upesi na ni ghali, kwa kuwa takriban nusu ya uzito wake au zaidi ni kobalti. Mwaka 1978 waasi walipouvamia mji wa Kolwezi, wenye migodi ya kobalti, huko Shaba (Katanga) katika Kongo ya leo, bei ya kobalti ilipaa. Viwanda vikaanza kusaka sumaku isiyohitaji madini hayo.

Jibu lilipatikana mwaka 1983. Masato Sagawa nchini Japani na John Croat wa General Motors, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza sumaku ya neodimiamu. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni chuma cha kawaida. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo iliyoenea, kuanzia simu hadi mota za pikipiki za umeme. Kwa kuwa hushika kutu, hupakwa nikeli au zinki.

Udhaifu wake mkubwa ni joto. Ile ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80. Jua la Garissa peke yake haliifikishi huko, lakini mota ya pikipiki inayobeba abiria wawili kwenye mchanga saa nane mchana huongeza joto lake mwenyewe juu ya lile la jua. Pampu ya sola iliyozamishwa kisimani ina nafuu, maana hupozwa na maji.

Ili sumaku ivumilie joto, kiwanda huongeza disprosiamu au terbiamu, na hapo ndipo bei hupanda. Nambari za N35 hadi N52 hueleza nguvu, na herufi zinazofuata hueleza uvumilivu: H ni nyuzi 120, SH ni 150. Umbo lenye kona nyingi na oda ndogo huongeza gharama nyingine.

Kisha kuna siasa. China hutengeneza takriban asilimia 90 ya sumaku hizi duniani. Ilipobana mauzo ya nje mwaka 2010, bei zilipaa. Aprili 2025 iliweka masharti mapya kwa madini saba, yakiwemo samariamu, disprosiamu na terbiamu, na viwanda vya magari vya nchi za mbali vikayumba.

Afrika Mashariki haikosi madini haya. Yapo Mrima, kaunti ya Kwale. Yapo Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania. Na udongo wa Makuutu, mashariki mwa Uganda, una hata disprosiamu. Lakini kuchimba ni hatua nyepesi. Kazi ngumu ni kuyatenganisha madini yenyewe kwa yenyewe, na mitambo ya kazi hiyo iko China kwa wingi. Bila kiwanda, tutauza udongo na kununua mota.

Kwa mnunuzi wa Ifo au Garissa, ushauri ni huu: ukinunua mota, uliza itavumilia nyuzi ngapi kabla ya kuuliza nguvu yake. Na ile iliyoungua usiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla fundi hajaitazama. Huenda sumaku zilizomo bado ni nzima.