Jua Litapatwa Agosti 2027: Wakazi wa Marsabit Wajiandae Vipi?

Jioni ya Jumapili, Novemba 3, 2013, watu waliokuwa wamesafiri mwendo mrefu kwa magari, na wengine kwa ndege ndogo, walisimama kwenye ardhi kavu ya Sibiloi wakitazama magharibi. Walikuwa wamefuata giza la takriban sekunde 15 tu. Dakika chache kabla ya wakati wenyewe, upepo wa vumbi ulivuma na mawingu yakatanda. Waliobahatika kupata upenyo waliliona jua likifunikwa kabisa. Wengine waliona tu mchana ukizima ghafla na kuwaka tena.

Kwa kawaida sehemu moja ya dunia husubiri takriban miaka 375 kabla ya kushuhudia kupatwa kikamilifu kwa jua. Eneo ambalo leo ni Kaunti ya Marsabit lilifikiwa na kivuli hicho mara mbili katika kipindi cha miaka 40. Kabla ya 2013, kilipita Juni 30, 1973, na wanasayansi kutoka nchi za nje walipiga kambi Loiyangalani kukisubiri. Wazee waliokuwepo siku hiyo bado wana la kusimulia.

Sasa siku nyingine inakaribia. Jumatatu, Agosti 2, 2027, jua litapatwa tena. Safari hii kivuli kamili kitapita kaskazini mwa Afrika, kivuke Misri, Saudi Arabia na Yemen, kisha kifike ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia. Karibu na mji wa Luxor nchini Misri, giza litadumu kwa zaidi ya dakika 6. Nchini Kenya jua litafunikwa sehemu tu, na hali hiyo itafikia kilele mchana, baada ya saa saba.

Tofauti kati ya kupatwa kikamilifu na kupatwa sehemu ndiyo inayoamua usalama wa macho.

Kwa nini jua hupatwa

Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia na kutupa kivuli juu yetu. Jua ni kubwa kuliko mwezi kwa takriban mara 400, lakini pia liko mbali zaidi kwa takriban mara 400. Ndiyo maana mwezi mdogo unaweza kulifunika jua lote. Kivuli kamili ni chembamba, na walio nje yake huona jua kama chapati iliyomegwa upande mmoja.

Walio ndani ya kivuli kamili huona mambo ambayo mwenye kuona jua lililomegwa hayaoni. Mwanga hufifia, joto hushuka, ndege hurudi kwenye viota na mifugo huweza kutulia kana kwamba usiku umeingia. Sayari na nyota angavu hujitokeza. Kuzunguka duara jeusi la mwezi huonekana mng'aro mweupe uitwao korona, ambao ni anga ya nje ya jua lenyewe. Ni katika muda huo mfupi pekee ndipo mtu anaweza kulitazama kwa macho matupu.

Marsabit haitakuwa na muda huo mwaka wa 2027. Hata jua likimegwa, sehemu itakayobaki itaendelea kuwaka kwa nguvu ya kuharibu macho. Kwa hivyo hakutakuwa na sekunde hata moja ya kulitazama bila kinga.

Hatari isiyouma

Utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga hauhisi maumivu. Mtu anaweza kulikodolea jua macho, akaunguza utando huo, asihisi chochote. Saa kadhaa baadaye ndipo huona ukungu au doa jeusi katikati ya anachotazama. Wengine hupona polepole, wengine hubaki na kasoro hiyo maisha yao yote, na hakuna tiba iliyothibitishwa. Atakayeona dalili hizo afike kituo cha afya bila kuchelewa.

Vifaa vinavyofaa ni miwani maalum ya kutazama jua yenye alama ya ISO 12312-2, isiyo na mikwaruzo wala tundu, au kioo cha fundi wa kuchomelea cha namba 14. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi hata ikiwa nyeusi sana. Vivyo hivyo picha za eksirei, sidii, kioo kilichopakwa masizi na kutazama jua kwenye beseni la maji. Darubini au kamera isiyo na kichujio chake ni hatari zaidi, kwani hukusanya miale na kuielekeza jichoni.

Mgunga unatosha

Asiye na miwani hatakosa kuona. Saa hizo wachungaji wengi watakuwa malishoni na mifugo, na huko kuna kifaa kisicho na gharama: kivuli cha mgunga. Mianya midogo kati ya majani hutupa picha za jua ardhini. Badala ya vidoa vya duara, mchungaji ataona mamia ya vipande vya mwezi mchanga mchangani. Nyumbani, chujio la jikoni au kadibodi iliyotobolewa kwa sindano hufanya kazi hiyo hiyo. Kanuni ni moja: lipe jua mgongo, tazama chini.

Jamii za kaunti hii hazianzi leo kusoma anga. Waborana wana wataalamu wao, ayyaantu, wanaofuatilia mwezi na nyota ili kuhesabu siku. Waislamu nao wana swala maalum ya jua linapopatwa. Kwa wanaohofia kwamba tukio hili huleta maradhi kwa wajawazito au kuharibu chakula, hakuna ushahidi wa hilo. Madhara yaliyothibitishwa ni ya macho.

Wazazi na walimu wanashauriwa kuanza mapema kuwaeleza watoto, hasa wanaotumwa kuchunga. Mtoto atakayejua kutazama ardhini chini ya mgunga ataiona siku hiyo kikamilifu, na macho yake yatabaki salama.