Niliacha kazi nikaenda kupiga kambi, nikaikuta kazi huko

Kama unasoma haya ndani ya matatu, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine simu, na kichwani unatunga barua ya kuacha kazi, ngoja kidogo. Mimi barua hiyo niliiandika. Niliituma Jumatatu moja kabla ya chai ya saa nne, na nikashuka ngazi za ofisi kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa miaka mitatu nilikuwa napokea simu za wateja wa kampuni moja ya bima hapa Nairobi. Hedifoni kichwani, skrini inakuhesabia dakika, na sentensi moja ambayo niliisema hadi nikawa naisema usingizini: "Samahani sana kwa usumbufu, nitalishughulikia sasa hivi." Mtu anakutukana, unaisema. Mwingine analia kwa sababu hospitali haimwachilii mgonjwa wake, unaisema, halafu unabonyeza simu inayofuata.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda nguvu zetu. Kwa hivyo kwetu Nakuru nina historia ya kuacha vitu. Mama huuza mitumba, na aibu ya chuo aliiponya kwa kuwaambia wenzake sokoni kwamba kijana wake "ako ofisi". Ukijua hilo utaelewa kwa nini sikumwambia kuhusu barua. Nilijiambia nitamwambia nikipata kitu kingine. Wiki tatu zikapita, kitu kingine hakijaonekana, na kila jioni akipiga nilikuwa namwambia kazi ni sawa tu.

Hapo ndipo rafiki mmoja aliponitumia tangazo kwenye WhatsApp: siku sita, kikundi cha watu 14, lori lenye viti, hema, chakula, Nairobi hadi Loiyangalani na kurudi. Sh26,000. Akiba yangu yote ilikuwa Sh61,000. Fanya hesabu, kisha unicheke. Nililipa usiku huo huo, kwa sababu nilikuwa nimeona picha nyingi mno za watu walioacha kazi wakakaa juu ya mwamba wakitazama machweo, na nikaamini huo mwamba una kitu cha kuniambia.

Tuliondoka saa kumi na moja asubuhi. Nanyuki, Isiolo, hadi Archers Post, ambako tulipiga kambi usiku mbili karibu na mto Ewaso Nyiro. Nitasema ukweli: mbuga ya Samburu ni noma. Swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu kama mtu anayefikia kabati. Choroa, punda milia wa Grevy wenye mistari myembamba na masikio makubwa. Na Ololokwe kwa mbali, ule mlima uliokatwa juu kama meza, ambao Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu. Kama huna pesa nyingi wala siku nyingi, ishia hapo hapo, hutajuta.

Ila nilianza kuona kitu kuhusu kikundi chetu. Jioni ya kwanza tulizunguka moto, kila mtu akajieleza. Watu sita, pamoja na mimi, walisema "wameacha mbio za ofisi". Nikadhani nimepata ndugu. Kumbe mmoja ana nyumba tatu za kukodisha Kitengela, mwingine mumewe ndiye anayelipa kila kitu, wengine wawili wako likizo ya bila malipo na viti vyao vinawangoja. Si dhambi, usinielewe vibaya. Lakini mtu mwenye kodi inayoingia kila mwezi akikwambia "ruka, mbawa zitaota angani", muulize kwanza anaruka kutoka ghorofa ya ngapi.

Asubuhi ya pili chai yangu ilikuja baridi. Nikaenda jikoni, yaani nyuma ya lori, na nikamwambia mpishi kwa ile sauti ya mtu aliyelipa: "Mzee, chai imepoa, na jana pia nyama ilikuwa kidogo." Ni mtu wa miaka hamsini hivi. Hakugeuka hata. Akasema, "Samahani sana kwa usumbufu, nitalishughulikia sasa hivi."

Neno kwa neno. Na sauti ilikuwa ile ile, tamu juu na tupu ndani. Nilisimama pale na kikombe changu kama mjinga. Miaka mitatu nilijiuliza watu wanaonipigia makelele ni watu wa aina gani. Ni watu kama mimi, chai ikipoa.

Siku ya tatu tuliacha lami Laisamis na kukata kuelekea magharibi. Ni zaidi ya kilomita 200 za changarawe na vumbi, ngamia, na mawe meusi ya volkano hadi unadhani kuna mtu aliyemwaga makaa nchi nzima. Mtandao ulikufa. Kisha kabla ya ziwa ukaja ule msitu wa mitambo ya upepo, 365 kwa hesabu, wenye uwezo wa kutoa megawati 310. Ukiona mitambo mingi hivyo imewekwa mahali pamoja, ujue hata hema lako lina shida usiku huo. Mimi sikujua.

Ziwa lenyewe linatokea ghafla, kijani kibichi katikati ya ukame, na wote tukanyamaza. Watu wengi hudhani Ziwa Turkana lote liko kaunti ya Turkana. Ufuo huu wa mashariki uko Marsabit, na Loiyangalani ni mji mdogo wenye mikoma na chemchemi za maji moto, wenye Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo pamoja. Waelmolo ni jamii ndogo ya wavuvi. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu za ufuo wao, na ukienda ziara ya kijiji chao, nunua kitu au lipa kiingilio bila kubishana. Kuna mwenzetu alibishania Sh200 akiwa na kamera ya laki mbili shingoni. Acha tu.

Upepo ulianza jua likizama. Sio upepo wa Nairobi wa kupeperusha nguo kwenye kamba. Huu unasukuma. Vigingi viwili vya hema langu viling'oka, turubai likaanza kunipiga makofi, na mara nikamwona mpishi akipambana na mabati aliyoyasimamisha kukinga moto. Msaidizi wake alikuwa amekosa kuja safari hiyo, ndiyo maana chai ilikuwa inapoa: mikono miwili, watu 14. Nikaenda nikashika bati. Nilishika karibu saa nzima, na ugali ukaiva ukiwa na mchanga kidogo.

"Wewe unafanya kazi gani, kijana?" akaniuliza.

"Nilikuwa ofisi. Nikaacha."

"Walikufukuza?"

"Hapana, mzee. Mwenyewe tu."

Akakoroga kwanza. "Sasa uliacha ukaja ofisini kwangu."

Hakusema kwa ubaya. Aliniambia analipwa kwa safari, si kwa mwezi, na ikija mvua au siasa, simu inanyamaza. Huamka saa kumi alfajiri ili wewe ukitoka kwenye hema ukapige picha ya macheo, maji yawe yamechemka. Lile tulilokuwa tunaliita kutoroka kazi lilikuwa kazi ya mtu mwingine, tena bila likizo. Na likizo ni haki ambayo wengi wetu tulioajiriwa tunaipuuza: sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka. Mimi mwaka wa mwisho nilichukua saba. Safari hii yote ingeingia humo, na ningerudi kwenye kiti changu nikiwa bado na mshahara wa kulalamikia. Kama bado unataka kuacha, toa notisi ya siku 28 kwa maandishi ikiwa unalipwa kwa mwezi, na uwe na kodi ya miezi kadhaa mkononi. Mimi nilikuwa na ya mmoja na nusu.

Usiku ule simu ilipata mtandao wa mji na ikaanza kutetemeka. Simu 11 ambazo sikuzipokea, zote za Mama.

Nilimpigia asubuhi nikiwa nimejificha nyuma ya lori kwa sababu ya upepo.

"Uko wapi?"

"Niko mbali kidogo, Mama. Nimesafiri."

"Najua hauko kazini. Simu yako haikuwa inaingia siku nzima, nikapiga ile namba ya ofisi yenu. Nimeekewa muziki dakika 20. Msichana akaniambia uliondoka mwezi uliopita. Akasema samahani kwa usumbufu."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilipotea yote. Nikamwambia ukweli wote: barua, wiki tatu za uongo, na Sh26,000. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekufa tena.

"Elfu ishirini na sita," akasema. "Kulala nje."

Siku mbili zilizobaki niliosha sufuria na kukata sukuma wiki. Si kwa utakatifu. Jikoni ndiko mahali pekee ambapo hakuna aliyekuwa akiniuliza nimejifunza nini. Tulipofika Nairobi mpishi alichukua namba yangu.

Wiki jana alipiga. Kuna kikundi cha watu 20 wanaoenda Samburu siku nne, na anataka msaidizi, Sh1,500 kwa siku na chakula. Tunaondoka Ijumaa. Kodi bado ni tatizo, na nimetuma maombi ya kazi sehemu tatu, moja ikiwa ya kupokea simu. Nilipomweleza Mama, aliuliza kama hiyo ya sufuria ina karatasi ya mshahara. Haina.