Hakuna aplikesheni inayolipa kwa kubonyeza

Wiki hii nimeulizwa mara nne. Kwanza na fundi wa majokofu, kisha na binti aliyemaliza chuo mwaka jana, kisha msibani, sahani ya pilau ikiwa mkononi: "Kaka, wewe si unaingiza hela mtandaoni? Hebu nipe aplikesheni inayolipa." Kwa miaka tisa nimekuwa nikiwafanyia hesabu wateja wa nje nikiwa sebuleni kwangu Tabata, na katika miaka yote hiyo swali halijabadilika. Ni sawa na kumuuliza seremala msumeno gani unalipa. Msumeno haulipi mtu. Analipwa anayejua kutengeneza kitanda.

Nimegundua pia kwamba anayeuliza hivyo mara nyingi ameshajiunga na kitu. Haji kutafuta ushauri, anakuja kutafuta baraka.

Wa nne alikuwa jirani yangu, mama anayeuza vitumbua asubuhi pale kwenye kona. Alikuja Jumamosi jioni, simu mkononi, kioo chake kikinukia hiliki. "Mwanangu, hebu niangalizie hii, wewe mambo haya unayajua." Miezi mitatu na ushei nyuma alilipa kiingilio cha shilingi 60,000. Tangu hapo, kila usiku baada ya kuosha sufuria, alikuwa akipewa "kazi" tano: fungua video, bonyeza alama ya kupenda, rudi. Kila kazi shilingi 480, jumla 2,400 kwa siku. Siku za mwanzo alitoa kidogo kidogo, hela ikaingia kwenye simu kweli. Akaacha zijikusanye. Sasa kioo kilionyesha salio la 216,000 kwa rangi ya kijani, na chini yake maneno: "Ombi lako linashughulikiwa." Yalikuwa yamekaa hapo siku sita. Kisha ukaja ujumbe kwamba alipie 45,000 za uthibitisho wa akaunti ndipo afunguliwe.

"Nilipe, nisilipe?"

Usilipe, mama. Na kwa kuwa wapo wengi ambao leo wanauliza swali hilohilo, naomba tufanye hesabu ambayo hakuna mhamasishaji wa kikundi cha WhatsApp atakayewafanyia.

Tuanze na bidhaa. Wanasema hela inatoka kwa makampuni yanayotaka video zao zipendwe. Haya. Mbonyezo mmoja shilingi 480, maana yake mibonyezo 1,000 inamgharimu mtangazaji 480,000, kabla mwenye aplikesheni hajajilipa. Matangazo ya mtandaoni kwa kawaida huuzwa kwa kila maonyesho 1,000, na mwenye duka wa Kariakoo anaweza kuyanunua Facebook au Google kwa shilingi elfu chache. Atoe laki nne na elfu themanini ili video yake ipendwe na mama wa Tabata anayesinzia, ambaye hata haitazami? Tena YouTube yenyewe inakataza kununua watazamaji na alama za kupenda, na ikiwabaini huwafuta. Kwa hiyo bidhaa hiyo haina mnunuzi. Ile "kazi" ya kila usiku ni mchezo wa kuigiza, umewekwa ili mtu ajione ametoa jasho na asiulize maswali.

Kama hakuna mnunuzi, 2,400 za kila siku zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kiingilio cha aliyejiunga baada yako. Hakuna chungu kingine.

Sasa tuone chungu hicho kinahimili muda gani. Chukua wanachama 1,000, viingilio vyao vya mwanzo vimeshaliwa. Kwa siku wanadai 2,400,000. Hizo ni viingilio vya watu 40. Kesho wanachama ni 1,040, na wale 40 nao wanadai chao, kwa hiyo wanatakiwa wapya karibu 42. Keshokutwa zaidi. Ni ongezeko la asilimia 4 kwa siku, na ukiliacha liende, idadi inakuwa maradufu kila baada ya siku 18 hivi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Siku ya 282 tutakuwa tumekwisha wote: wazee, wafungwa, vichanga vya jana usiku na watu ambao hawajawahi kushika simu. Miezi kumi haijatimia. Na hapo nimemchukulia mwenye aplikesheni kuwa malaika asiyejichotea hata senti na asiyelipa bonasi za kualika watu. Yeye si malaika, na hesabu hii anaijua kuliko wewe. Ndiyo maana anafunga mapema, siku ambayo chungu kimejaa.

Ukimaliza kuyasema haya, kuna mtu atasimama na kusema: "Lakini mimi walinilipa." Bila shaka walikulipa. Mvuvi naye humlisha samaki. Malipo ya wiki za mwanzo ndiyo tangazo lao, na ni rahisi kuliko bango la barabarani, kwa sababu wewe mwenyewe ulipiga picha ya ujumbe wa malipo ukaituma kwenye kikundi cha ukoo. Charles Ponzi aliwalipa watu wake wa mwanzo kule Boston mwaka 1920, akiwaahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Kampuni ya DECI iliwalipa wa mwanzo hapahapa kwetu, watu "wakapanda mbegu" na wengine wakavuna kweli, hadi Serikali ilipoifunga mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Waliovuna walikuwa wanakula mbegu za wenzao. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba foleni imehamia kwenye simu.

"Lakini wamesajiliwa." Nimeonyeshwa vyeti vya BRELA mpaka nimechoka. BRELA inasajili jina na kampuni, haikagui biashara wala haikuhakikishii hela yako. Anayepokea amana za umma anahitaji leseni ya Benki Kuu. Anayekusanya mitaji ya uwekezaji anahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kenya nako milango ni hiyohiyo miwili, Benki Kuu na mamlaka ya masoko ya mitaji. Ombeni leseni hizo, muone jinsi msimamizi wa kikundi atakavyowatoa nje.

Na tafadhali, msiuite uchafu huu upatu. Upatu wa mama zetu ni akina mama kumi, kila mmoja anatoa elfu kumi kwa wiki, anayepokea anapokea laki moja, na mzunguko ukiisha kila mtu amepata alichotoa. Hakuna aliyeahidiwa faida, na kijumbe unajua anapolala.

Kwa jirani yangu nilimaliza na swali moja. Kama kweli zimo 216,000, kwa nini wasikate 45,000 zao humohumo wakakuachia 171,000? Alinyamaza, akaangalia simu, akaniangalia mimi. Hawakati kwa sababu hakuna cha kukatwa. Ile rangi ya kijani ni maandishi, kama bei iliyoandikwa kwa chaki ukutani kwenye duka lisilo na bidhaa.

Nafasi inaniishia, kwa hiyo njia za kweli nazipitia mbiombio.

Ukiwa na ujuzi unaouzika, kama uhasibu, tafsiri, usanifu wa picha au uandishi wa programu, fungua ukurasa Upwork au Fiverr. Fiverr hukata asilimia 20 ya mapato yako, kwa hiyo panga bei ukilijua hilo. Kazi ya kwanza inaweza kuchukua wiki nyingi. Hiyo ni kawaida. Hakuna mteja halali anayekudai hela ili akupe kazi.

Ukiwa na Kiswahili kizuri na subira, fundisha wageni kupitia italki au Preply. Preply huchukua malipo yote ya kipindi cha majaribio cha kila mwanafunzi mpya. Usishtuke, hela iko kuanzia kipindi cha pili.

Ukitaka YouTube, mgawo wa matangazo unaanza ukifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hela haitumwi mpaka ifike dola 100. Usiache vitumbua kwa ajili hiyo.

Kazi za kuweka alama kwenye picha na maandishi ili kufundishia akili bandia zipo, ila usizijengee nyumba. Remotasks ilijiondoa Kenya mwezi Machi 2024, na watu waliokuwa wakiitegemea wakabaki na akaunti zisizofunguka.

Kabla ya yote, hakikisha namna ya kupokea malipo kwa nchi uliyopo. Si kila huduma inayotuma hela inapokea. Chukua namba ya mlipakodi. Weka hesabu ya bando na umeme, kwa sababu mapato ya 50,000 yaliyokula bando la 40,000 ni kibarua cha 10,000.

Na iliyo rahisi kuliko zote: uza unachokiuza sasa, kwa simu. Jirani yangu alikuwa akikesha saa nzima kila usiku akibonyeza video za watu. Saa hiyohiyo ingetosha kupokea oda za WhatsApp za ofisi mbili zilizopo mtaa wa pili, ambazo kila asubuhi zinatuma mtu kununua chapati mbali. Nilimwambia hivyo. Akasema atafikiria.

Kwa ambaye ameshaingia: usiongeze hata shilingi, hata wakikuambia ni ya mwisho. Hifadhi ujumbe wote na kumbukumbu za miamala, nenda polisi, na namba zinazokutumia ujumbe wa kitapeli uziripoti TCRA kupitia 15040. Kisha fanya lililo gumu zaidi. Rudi kwenye kile kikundi cha ukoo ulikotuma picha ya malipo yako ya kwanza, uwaambie kilichotokea. Kuna shangazi yako ambaye kiingilio chake hakijalipwa bado.