Kitabu cha Picha Humtaka Mtoto Ajibu

Aghalabu mzazi akipata kitabu cha picha cha watoto hukisoma kama asomavyo barua. Huanza juu, huteremka hadi chini, hugeuza ukurasa, na mtoto hutakiwa atulie tuli mpaka mwisho. Kitabu kikiisha mtoto huulizwa, "Umesikia?" Naye hujibu, "Nimesikia." Kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kusoma namna hiyo si kubaya, na ni bora kuliko kutosoma kabisa. Lakini mengi yaliyomo kitabuni hubaki humo humo.

Mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne hapati neno kwa kulisikia likipita tu. Hulipata vizuri zaidi anapolitumia yeye mwenyewe, kwa kitu anachokiona, mbele ya mtu anayengoja kumsikia. Picha imewekwa kwa ajili hiyo. Yeye hajui kusoma maandishi, lakini picha anaisoma sawasawa na mama yake, na pengine kumshinda, maana macho yake hayana haraka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya Long Island, nchini Marekani, kwa watoto wapatao 30 wenye umri wa kati ya miezi 21 na 35. Wazazi wote waliwasomea watoto wao nyumbani kwa muda wa mwezi mmoja, na wingi wa kusoma haukutofautiana sana. Nusu yao, hata hivyo, walikuwa wamefundishwa wamuulize mtoto maswali yasiyojibika kwa ndiyo au siyo, wangoje jibu, walirudie jibu hilo wakiliongezea neno moja au mawili, kisha wamsifu. Mwezi ulipokwisha, watoto wa nusu hiyo walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika uwezo wa kujieleza. Miezi tisa baadaye tofauti ilikuwa imepungua, lakini haikutoweka.

Tuchukue mfano wa picha ya mwaloni, kando ya Ziwa Tanganyika. Mama amemweka mtoto mapajani na kitabu kimefunguliwa mbele yao.

"Huyu mama anafanya nini, mwanangu?"

"Samaki."

"Ndiyo, anaanika samaki. Anaanika ndagala."

"Anaanika ndagala."

"Anaanika wapi?"

"Chini. Mchangani."

Mama hakusema "umekosea" mtoto alipotaja samaki tu. Alilipokea jibu, akaliongezea kitendo, na mtoto akalichukua neno jipya bila kulazimishwa. Kesho ukurasa ule ule utaulizwa swali jingine: kwa nini anawaanika? Na kesho kutwa: je, mvua ikinyesha? Mtoto atakapojibu kwamba wataoza, atakuwa ametoka katika majina na kuingia katika sababu. Wazazi wengi huchoshwa na mtoto anayetaka kitabu kile kile kila siku. Mwacheni. Safari ya kwanza anatazama, ya tano anataja, ya kumi anasimulia.

Hapa Bujumbura kazi hii ina uzito wake wa pekee. Katika Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa tangu zamani, mtoto huweza kuamka kwa Kiswahili, akacheza kwa Kirundi, na jioni akasikia Kifaransa redioni. Mwaka 2005 mageuzi ya elimu yaliingiza Kiswahili na Kiingereza katika shule za msingi tangu darasa la kwanza, kando ya Kirundi na Kifaransa. Hizo ni lugha nne kwa mtoto ambaye bado anang'oka meno ya utotoni. Asipokuwa na maneno yake mwenyewe katika lugha mojawapo, maneno ya kumwezesha kusema alichoona na anachodhani, hizo nne zitamwia nyimbo nne za kukariri.

Basi mzazi asome kwa lugha gani? Kwa rai yangu, asome kwa ile anayotumia kutania na kubembeleza, iwe Kirundi au Kiswahili. Kifaransa cha kuungaunga, kinachosomwa ili majirani wasikie, hakimfai mtoto kitu. Na mtoto akichanganya lugha, asikemewe. Akionyesha picha akasema "imvubu!", mama aitikie, "Naam, imvubu. Kwa Kiswahili twamwita kiboko." Katika mji ambao viboko hutoka ziwani usiku kuja kula majani ufukoni, jina hilo halitasahaulika. (Kwamba kiboko ni jina la fimbo pia, hilo lingoje kidogo.) Hata samaki wetu wana majina mawili mawili: ndagala ndio dagaa, na mukeke wa Bujumbura ndiye mgebuka wa Kigoma. Mtoto anayejua kwamba kitu kimoja huweza kuitwa kwa majina mawili hakuchanganyikiwa. Amepata akili ya ziada.

Hilo si jambo geni. Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, mwalimu Comenius alitoa kitabu cha watoto ambacho kila sura yake ilikuwa na picha, na pembeni maneno kwa Kilatini na kwa Kijerumani, yakiunganishwa na picha kwa tarakimu. Ni miongoni mwa vitabu vya picha vya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya watoto, na tangu siku hiyo picha moja ilibebeshwa lugha mbili.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazazi wengi hulitilia shaka. Mtoto akizoea kuulizwa maoni yake, je, hatakuwa mjuvi mbele ya wakubwa? Hofu hii naielewa, lakini siikubali. Wazee wetu hawakuwanyima watoto nafasi ya kujibu. Jioni bibi alipotega kitendawili cha Kirundi kwa kusema "Sokwe!", watoto waliitikia "Niruze!", naye akangoja kila mmoja ajaribu bahati yake. (Mtoto wa Kiswahili akisikia hivyo kwa mara ya kwanza humtafuta nyani mkubwa.) Mswahili naye husema "Kitendawili!" akajibiwa "Tega!" Kitendawili bila mjibuji hakikuwa na maana. Kitabu cha picha ni ndugu yake.

Darasani mambo ni tofauti. Watoto wakijaa mno, mwalimu, hata awe hodari vipi, hana budi kuwaitikisha kwa pamoja, na katika sauti moja ya darasa zima hakuna ajuaye nani ameelewa na nani amefumbua mdomo tu. Ndiyo maana miaka ya kabla ya shule ni ya thamani. Huko nyumbani ndiko mtoto aweza kuulizwa yeye, kwa jina lake: "Wewe ungefanya nini?" "Nani katika picha hii amehuzunika?" Pengine mtoto ataonyesha mbuzi, wala si yule mvulana anayelia. Asikatazwe. Aulizwe amejuaje. Huenda akasema mbuzi ameachwa peke yake, na hapo mama atakuwa amejifunza habari ya mwanawe ambayo asingeipata kwa njia nyingine.

Nyumba yenye watoto watatu au wanne, mkubwa hujibia wadogo kila swali. Dawa yake ni kumpa kila mmoja zamu yake, hata iwe ya dakika kumi tu, wenziwe wakiwa na kazi nyingine. Na maneno ya "mwenzako amejua, wewe hujui" yaachwe kabisa mlangoni. Baba naye asiseme hii ni kazi ya jikoni. Maswali ya baba si ya mama, na mtoto hunufaika na yote mawili.

Wengi watauliza vitabu viko wapi, na ni kweli vya dukani vina bei. Kigali, Editions Bakame imekuwa ikichapa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda tangu 1995, lugha iliyo jirani kabisa na Kirundi. Mtanzania John Kilaka amechora kwa mtindo wa Tingatinga vitabu ambavyo wanyama wake huvaa nguo na kwenda sokoni kama watu. Tangu 2014 mradi wa African Storybook umeweka hadithi za picha za bure, nyingine kwa Kiswahili, za kusomwa katika simu au kuchapwa.

Aliyekosa vyote ashone chake. Achukue makasha magumu, ayakate kurasa nane zilizo sawa, abandike picha za kalenda na magazeti ya zamani: soko, gari, kuku, mvua, watu wanaokasirika na wanaocheka. Maneno hayahitajiki. Gundi ipikwe kwa unga wa muhogo na maji, ikorogwe mpaka iwe nzito, ipozwe kabla ya kupakwa. Kurasa zianikwe kivulini, zisijikunje, kisha zitobolewe pembeni na kushonwa kwa uzi wa gunia. Kitabu kisiachwe sakafuni usiku, kwa kuwa gundi ya muhogo hupendwa sana na mende.