Unga Umepungua: Nani Kala, Mashine au Mwenye Mashine?

Kila baada ya mgao makelele hayakosekani kwenye mashine za kusaga. Mama anafika na mahindi yake, anarudi na unga anaouona kidogo, na maneno yanaanza: "Mmeniibia!" Mwenye mashine naye anaapa kwamba hata pesa ya mazuti haijarudi.

Familia nyingi hazina pesa mkononi, basi ujira unalipwa kwa mahindi yenyewe. Mgao ukikatwa, kama PAM ilivyokata asilimia 30 kwa wakimbizi wa Uganda mwezi wa Aprili 2020, kopo lile la ujira linauma zaidi.

Tulivyoona sisi, kipimo ndicho kinaleta ugomvi mwingi. Kopo lililosawazishwa kwa fimbo halilingani na kopo lenye nundu. Kwa debe moja huoni kitu. Kwa mwaka mzima ni chakula cha siku nyingi.

Halafu kuna kukoboa. Ukisaga dona, kilo 10 za mahindi makavu zinakupa karibu kilo 10 za unga, toa kidogo kinachoruka na kubaki ndani ya mashine. Ukitaka unga mweupe, kilo 2 au 3 hivi zinatoka kama pumba. Hizo hazikuibiwa, lakini ziko wapi? Wafugaji wa kuku na nguruwe wananunua pumba, na wenye mashine wengine wanazibakiza kimya kimya. Sisi tunasema wazi: pumba ni za mwenye mahindi. Akikubali kuziacha, bei ya kusaga ishuke.

Wenye mashine nao wana lao. Mahindi yenye unyevu yanaziba chekeche na kula mazuti, na wateja wengine wanaahidi "kesho" kisha hawaonekani mpaka mgao ujao. Lakini kushika unga wote kwa deni la kopo moja, watoto walale njaa? Hapana jamani. Shika kiasi cha deni tu, mbele ya shahidi.

Muulizane kabla mota haijawashwa: kopo lipi, la nundu au la kusawazisha, na pumba za nani? Ukimtuma mtoto, mwandikie kilo kwenye karatasi, maana hawezi kubishana na mtu mzima. Mkishindwana, mwiteni kiongozi wa eneo saa ile ile, unga ukiwa bado kwenye mizani. Ukishakuwa bugali, ushahidi umeliwa.