Baba, sigara na upara

Mwezi huu tunaanzia kwa kinyozi. Jumamosi moja tulikaa kwenye benchi lake tukingoja zamu, mazungumzo yakaangukia upara. Mzee mmoja akasema upara ni akili nyingi. Mwingine akasema ni dalili ya pesa, watu wakacheka sana, maana pesa zetu sisi wa kambini tunazijua. Ndipo kijana mmoja, hata miaka 30 hajafika, akavua kofia. Paji limeshapanda mpaka karibu na utosi. Mkononi ana sigara. Akauliza: "Sasa mimi nipake mafuta gani?"

Tukakosa jibu, tukaenda kulitafuta.

Upara wa wanaume kwa sehemu kubwa ni wa kurithi, kwa baba na kwa mama pia, na unachochewa na homoni za kiume. Ndiyo maana wapo wazee wenye vipara ambao hawajagusa sigara maisha yao yote, na wapo wavutaji wenye nywele tele. Kwa hiyo ukimwona mtu ana kipara usimwite mvutaji!

Lakini sigara nayo ina mkono wake. Mwaka 2007 watafiti wa Taiwan walitangaza matokeo ya kuwapima wanaume 740 wenye umri wa miaka 40 hadi 91. Hata baada ya kuzingatia umri na urithi wa ukoo, waliovuta sigara 20 au zaidi kwa siku walikutwa na upara mkubwa zaidi kuliko wasiovuta. Unywele unaota kutoka shina lililo ndani ya ngozi, na shina hilo linalishwa na vijishipa vyembamba sana vya damu. Nikotini inabana mishipa, na sumu za moshi zinadhuru chembe za mwili, basi wataalamu wanaona shina linakosa chakula kidogo kidogo.

Na mishipa haiko kichwani tu. Moshi huo huo unaharibu mishipa ya moyo. Hapo, akina baba, hakuna kofia ya kufunika. Tena watoto wanaolala chumba kimoja na mvutaji wanauvuta moshi wake bila kuomba. Akina mama wao wanalalamikia hesabu: sigara ya kununua mojamoja haionekani, lakini ukijumlisha mwezi mzima ni sabuni na mboga.

Nywele zikitoka mabaka mabaka, au ngozi ikiwasha na kutoa magamba, huo si upara wa kawaida. Nenda zahanati, na mtoto pia apelekwe.

Yule kijana tulimrudia. Mafuta ya kuotesha nywele tukamwambia asinunue, na nywele zilizokwisha kwenda hatukumwahidi. Alikuwa anavuta kumi kwa siku, sasa amefika tatu. Kofia bado anavaa. Mkewe anasema kile kikohozi cha alfajiri kimepungua.