Programu ndogo za Python: Gharama ya kufungasha anabeba nani?

MTENGENEZAJI wa programu ndogo ya kompyuta hana ghala wala lori, lakini hakwepi gharama za kufungasha na kusambaza. Kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Python, mzigo huo hubebwa ama na muuzaji ama na mnunuzi. Muuzaji hana budi kuamua mapema.

Tuchukue mfano wa programu ya kuhesabu mali ya duka. Kwa aliyeiandika inafanya kazi vizuri, kwa kuwa Python na maktaba zake zimo tayari kwenye kompyuta yake. Mwenye duka akipewa faili la programu peke yake, haitafunguka.

Njia iliyo nafuu kwa muuzaji ni kuandaa furushi la kawaida la Python. Jina, namba ya toleo na maktaba zinazohitajika huandikwa katika faili la pyproject.toml, ambalo ndiyo lebo ya bidhaa. Furushi hupakiwa PyPI, hazina ya pamoja iliyoanza mwaka 2003 na isiyotoza ada ya kupakia, na mnunuzi hulichukua kwa amri ya pip. Hata hivyo, lazima awe na Python kwake. Njia hii inawafaa mafundi kuliko wenye maduka.

Njia ya pili ni kutumia PyInstaller, inayokusanya programu, maktaba na Python yenyewe pamoja. Mnunuzi anabofya tu. Hapo gharama humhamia muuzaji: mzigo huwa mkubwa, na uliofungwa kwenye Windows haufai kwa Mac, hivyo kila mfumo hufungiwa wake. Aidha, programu za kuzuia virusi wakati mwingine huushuku bila kosa.

Wauzaji wazingatie mambo mawili. Kwanza, faili likishapakiwa PyPI halibadilishwi. Kosa husahihishwa kwa toleo lenye namba mpya. Pili, kufungasha si kuficha. Neno la siri lililoachwa ndani ya programu linaweza kuchimbuliwa na mwenye ujuzi.

Kwa soko la wenye maduka, njia ya pili ndiyo yenye nafasi zaidi. Lakini kabla ya kupokea malipo, muuzaji aijaribu programu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa Python. Ikigoma hapo, itagoma kwa mteja pia.